Roboti shirikishi kwenye meza ya kebo: ipe konekta, waya uachie vidole

Wengi wakitaka kuweka roboti shirikishi, yaani roboti iliyoundwa kufanya kazi kando ya watu, kwenye laini ya kuunganisha kebo huuliza kwanza inabeba kilo ngapi na mkono wake unafika wapi. Mimi huuliza: hicho itakachokishika, ukikiweka kinatulia? Konekta, kile kichwa cha kebo kinachochomekwa, inatulia. Waya hautulii, ukishaukata kwenye ringi hurudi kujikunja, kila mmoja kwa namna yake, na roboti itabana hewa tu.

Kwa hiyo kupanga nyaya kwenye ubao na kuchomeka terminali (kile kipande cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya) ndani ya konekta ni kazi ya fundi. Vidole vyake husikia terminali ikinasa, halafu anauvuta waya kidogo kuhakikisha. Roboti ipe kufunga skrubu za ganda, kupaka gundi, kupiga picha ncha zilizobanwa. Ila mimi ningeanzia kwenye mashine ya kupimia kama umeme unapita kwenye kebo: kusukuma konekta ndani na kuichomoa, zamu nzima, ndiko kunakomaliza viganja vya watu. Waulize wenyewe kabla hujachagua; watakuonyesha mahali ambapo hukupafikiria.

Kisha tengeneza jigi, yaani kishikizo maalumu, inayokaza konekta upande uleule kila mara. Usiibanie pesa.

Sasa usalama, na hapa watu hudanganywa na jina “shirikishi”. Mkono wa roboti unaweza kuwa laini na wenye sensa kila kiungo, lakini kilichoshikwa ndicho kinachojeruhi. Konekta inayobebwa huburuta mkia wa nyaya, na mkono ukigeuka ghafla mkia ule hurushwa, ncha zilizokatwa zikipita usawa wa macho. Shika kebo mahali pawili, konekta na mkia wake, punguza kasi kwenye kona, na njia yote ya mkono wa roboti iwe chini ya mabega ya aliyeketi.

Hatari ya pili ni kidole kati ya konekta na mashine ya kupimia. Waraka wa ISO/TS 15066 wa 2016, wa usalama wa roboti shirikishi, uliweka kikomo cha nguvu cha niutoni 140 kwa kiganja au vidole vya mtu vilivyobanwa, pamoja na kikomo cha shinikizo, maana nguvu ileile kwenye ukingo mwembamba huumiza zaidi. Pima kwa kifaa cha kupimia nguvu, palepale konekta inapoingia. Namba iliyoandikwa kwenye skrini ya roboti isikutoshe. Mashine ya kubania terminali nayo ina hatari yake: roboti iliyo kando yake haikuruhusu kuondoa kinga ya mashine hiyo.

Weka pia kikomo cha kuvuta, chini kabisa ya nguvu inayoweza kung'oa terminali. Kebo ikinasa kwenye jigi, roboti isimame na kuita mtu.

Kila fundi wa meza hiyo ajue kuisimamisha, kuirudisha nyuma na kuiwasha tena bila kumsubiri msimamizi. Na mwendo uamuliwe na fundi: roboti isubiri hadi kebo iwekwe kwenye jigi na yeye abonyeze kitufe. Fundi anayekimbizwa na mashine huchomeka terminali nusu, na mashine ya kupimia inaweza kuipitisha, kwa sababu terminali iliyoingia nusu bado hupitisha umeme vizuri tu, mpaka siku kebo itakapovutwa.