Jinsi ya kujaza tenki la pikipiki mpaka lijae kwelikweli

Wakuu, sisi wa Dar tumezoea wese la elfu tano asubuhi, la elfu tatu jioni, siku zinaenda, sasa siku ukiamua kujaza fulu tenki kwa ajili ya safari unaweza ukatoka sheli unaamini limejaa kumbe ndani umebeba hewa. Mimi nina Boxer 150, tenki lita 11. Kuna siku natoka Mbagala naenda Morogoro, nikajaza pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni, mhudumu akaniambia kaka limejaa, nikachungulia na kweli mafuta nayaona juu kabisa. Nilipoisimamisha wima tu yakashuka, shingoni hakuna kitu. Nikamwomba aongeze, ikaingia karibu nusu lita. Nusu lita kwa boda ni kilomita 20 na ushee hizo, ukiwa kati ya Mlandizi na Chalinze usiku ni nyingi sana.

Iko hivi, tenki la pikipiki sio ndoo. Ukilivua ukaligeuza chini juu utaona limebonyea katikati kama tandiko la punda, maana linakalia bomba la fremu, kwahiyo ndani lina mifuko miwili, wa kulia na wa kushoto. Stendi ya pembeni inailaza pikipiki kushoto, mafuta yanakimbilia huko na hewa inabaki imejibana kulia juu, huwezi kuiona kwa kuchungulia.

Kwahiyo cha kwanza, pikipiki iwe wima. Kama ina dabo stendi, ile ya katikati, ipandishe hapo, kama haina simama ubavuni uishike mwenyewe matairi yote mawili yakiwa chini na sakafu iwe tambarare, sheli nyingine zina mteremko wa kupitisha maji ya mvua, sogea mbele kidogo upate pazuri. Injini zima, abiria ashuke, sigara hapana, simu iache mfukoni. Tena usikae juu ya siti wakati unajaziwa, naona watu wanafanya hivyo kila siku na roho inaniuma, petroli ikimwagika inaenda moja kwa moja kwenye injini na ekzosi vyenye moto na wewe umekaa juu yake.

Halafu ongea na mhudumu mapema. Wamezoea boda anataja hela, mhudumu anabonyeza kiasi, bomba linakata lenyewe anahamia kwa mwingine. Mwambie, "Dada naomba fulu tenki, ila mwishoni taratibu." Hakikisha pampu inaanza na sifuri. Hela nayo uwe nayo ya kutosha, chukua bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, ile inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, zidisha kwa lita unazodhani zitaingia, ongeza kidogo juu yake.

Sasa sehemu yenyewe. Mafuta yakiingia kwa kasi yanavuruga hewa yanatoa povu, povu likifika kwenye mdomo wa bomba linakata "tak" na wote mnaamini limejaa. Bado. Sikiliza mlio, mwanzoni ni mzito kama maji yanayoingia kwenye pipa, ukianza kuwa mwembamba hapo ndo pa kumwambia apunguze kasi. Likikata, subirini kidogo, utaliona povu linanywea na vipovu vidogo vinapanda vinapasuka. Akishatoa bomba, tikisa pikipiki kulia na kushoto polepole mara mbili tatu, hewa iliyojificha kwenye ule mfuko inatoka, usawa unashuka. Aongeze kidogokidogo.

Mwisho ni wapi? Ukifungua mfuniko utaona chuma cha mviringo kimeingia ndani, hiyo ndo shingo. Mafuta yakigusa chini ya shingo, basi, limejaa. Usidai yafike kwenye mfuniko. Nafasi ile imeachwa makusudi kwasababu petroli inavimba ikipata joto, lita 11 zikipanda joto nyuzi 20 zinaongezeka kama mililita 200, glasi nzima, na mafuta yanatoka kwenye tanki la chini ya ardhi yakiwa na ubaridi wake halafu unakuja kuyaanika kwenye jua la mjini. Mimi niliwahi kujaza mpaka mdomoni nikapaki Kariakoo saa saba mchana, narudi nakuta petroli inachuruzika kutoka kwenye mfuniko mpaka kwenye injini, na pembeni hapo kuna mama anakaanga mihogo. Niliogopa sana siku ile. Kwahiyo ukishajaza ondoka utembee, au paki kivulini.

Funga mfuniko mpaka ulie, futa yaliyomwagika kwa kitambaa, na kama yamefika kwenye injini sukuma pikipiki pembeni usubiri yakauke ndo upige kiki. Na kile kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kisizibwe na vumbi wala mtu asikuwekee nailoni eti maji ya mvua yasiingie, hewa isipoingia mafuta hayashuki kwenye kabureta, pikipiki inazima njiani na tenki limejaa.

Ukishajua kujaza hivi unaweza kupima ulaji wa mafuta kwa uhakika. Jaza mpaka chini ya shingo, andika kilomita za kwenye dashibodi, tembea zako, siku ya pili jaza tena vilevile, wima, mpaka palepale. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia safari hii. Yangu juzi ilikuwa kilomita 230 kwa lita 5.1, yaani 45 kwa lita. Mimi naandika nyuma ya risiti naiweka chini ya siti, ikianza kushuka kuelekea 38 naanza na upepo wa tairi, halafu cheni, halafu filta ya hewa, ndo nampelekea fundi aangalie kabureta.