Kurudi kwenye uhunzi baada ya miaka mingi: pa kuanzia

Kuna watu kibao walifundishwa kufua chuma wakiwa vijana, maisha yakawapeleka kwingine, na sasa wanataka kuwasha moto tena wikendi kwa raha zao tu. Kama ni wewe, karibu, ila usikimbilie kisu. Jicho bado linakumbuka kazi, mkono ndo umesahau.

Kwanza kabisa kagua nyundo. Mpini uliokaa miaka bila kazi unakauka na kunywea, kichwa kinaanza kucheza, na kichwa cha kilo moja kikichomoka ukiwa unapiga hiyo ni hatari kubwa. Kugonga kabari mpya ndo dawa, hii ya kuloweka kwenye maji inashika siku chache tu halafu inalegea tena. Mivukuto ya ngozi ikiwa imepasuka funga feni ndogo ya umeme, hamna aibu. Fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, kama huna, kipande cha ekseli ya lori toka kwa watu wa skrepa kinatosha, kisimamishe wima ndani ya gogo ili uzito wote uwe chini ya pigo, na juu yake pawe usawa wa ngumi yako ukiwa umesimama mkono umeshuka.

Weka jiko nje lakini kivulini, maana juani rangi ya chuma inakudanganya, na ndani ya chumba moshi wa mkaa unaua kimyakimya. Vaa pamba, nailoni inayeyukia mwilini. Na tafadhali sana, bomba au bati lenye zinki lisiingie motoni, ule moshi wake mweupe utakuletea homa ya kutetemeka usiku.

Kazi ya kwanza fua kulabu ya nondo ya mm 12. Subiri iwe ya chungwa kabisa, piga, geuza robo, piga, geuza, ncha iwe na pembe nne kwanza halafu ndo uvunje pembe iwe mviringo, ukianza na mviringo moja kwa moja katikati panapasuka. Ikirudi kwenye wekundu wa kufifia acha, rudisha motoni, hapa ndo wengi wanaumiza kiwiko, wanalazimisha chuma kilichopoa halafu wanakaba mpini kwa nguvu. Shika kilegevu. Cheche nyeupe zikiruka kwenye chuma ujue kinaungua, kile kipande kata utupe. Ukimaliza iache ipoe taratibu kwenye majivu, usiichovye majini, nondo hujui imechanganywa nini, inaweza kuwa ngumu na kukatika.

Fua kulabu nyingi mpaka zifanane, ndo uende kwenye springi ya gari, na hapo nashauri tindo. Ukishaifua, pasha ncha mpaka sumaku isiishike, zamisha kwenye oili, halafu uilegeze, yaani uipunguzie ugumu: isugue ing'ae na uipashe polepole toka nyuma uangalie rangi zinavyotembea kuja mbele, kahawia inayoingia zambarau ikifika kwenye makali, ipooze hapo hapo. Vaa miwani uijaribu kwenye nondo baridi: makali yakipinda umeyalegeza kupita kiasi au moto wa kwanza haukutosha, yakimeguka hukuyalegeza vya kutosha. Rudia tu, springi ileile bado inafaa.