Somo: Antena ya kwanza ya redio ya ridhaa, kuanzia uwanjani hadi kwenye kebo

Kila anayeniuliza anunue redio gani, nami humuuliza: una uwanja wa ukubwa gani, na nyaya za umeme zinapita wapi? Redio ya wati 100 iliyofungwa kwenye waya mbovu inaweza isisikike hata Mbarara, ilhali ya wati 10 yenye antena iliyokatwa vizuri huvuka mpaka ikasikika Nairobi. Somo hili ni la mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa (ya kuongea hewani kwa kujifurahisha, si kwa biashara) kutoka UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, au anayeisubiri, anayetaka kusimamisha antena yake bila kuhatarisha maisha ya mtu.

Hatua ya 1: Tembea uwanjani ukiangalia juu

Kabla ya kununua chochote, zunguka nyumba na utafute kila waya: zile za volti 240 zinazoingia ndani, na zile za kilovolti 11 au 33 zinazofuata barabara. Chukua urefu wa mlingoti unaotaka, ongeza mita 3. Hakuna waya wa umeme unaopaswa kuwa ndani ya umbali huo kutoka shina la mlingoti. Mlingoti wa mita 9 unataka mita 12 zilizo wazi pande zote. Na waya wa antena wenyewe usipite juu wala chini ya waya wa umeme, maana siku ukikatika utaangukia pale pale. Uwanja usipotosha, fupisha mlingoti. Hapa silegezi hata kidogo, kwa sababu waya wa kilovolti 11 haukupi nafasi ya kujifunza kutokana na kosa.

Anayeishi karibu na uwanja wa ndege wa Entebbe awaulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuinua kitu kirefu.

Hatua ya 2: Amua unataka kuongea na nani

Kama ni watu wa mji wako, bendi ya mita 2 inatosha (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake, si wa waya). Fimbo ya shaba ya sentimita 49 ikisimama juu ya fimbo nne za sentimita 51 zilizoinama kuelekea chini ni antena kamili ya megahezi 145. Mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka, antena na antena zikionana, kwa hiyo hapa Kampala aliye juu ya kilima cha Kololo au Muyenga atafika mbali, na aliye bondeni Bwaise atahitaji mlingoti.

Kama ni nchi nzima, chukua daipoli ya bendi ya mita 40, yaani waya wenye pande mbili sawa unaolishwa katikati. Wanaosoma vitabu vya nje huambiwa kwamba antena ikiwa chini haifai. Kwa mazungumzo ya ndani ya Uganda, mambo ni kinyume. Daipoli ya mita 40 iliyo kwenye kimo cha mita 5 hadi 7 hupeleka nguvu zake karibu wima, zikagonga ionosfia (tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi) na kushuka kama maji yanayomwagika kutoka juu ya mwavuli, pande zote, hadi kilomita mia kadhaa. Milima haizuii chochote. Sisi tuko karibu na ikweta, na mchana ionosfia yetu mara nyingi huwa na nguvu ya kutosha kuyarudisha mawimbi ya megahezi 7. Hivyo mtu wa Kampala huongea na Gulu, Arua na Kabale bila kuwa na eneo la ukimya katikati. Usiku hali hubadilika, na majirani wa karibu wanaweza kupotea huku wa mbali wakiingia.

Kwa Ulaya na kwingine mbali, kata daipoli ya bendi ya mita 20 na uinyanyue kufikia kimo cha mita 10.

Angalizo moja: kwetu bendi ya mita 40 inaanzia megahezi 7.000 na kuishia 7.200. Vitabu vya Marekani huonyesha 7.300. Usivifuate.

Hatua ya 3: Kata waya

Gawa 143 kwa megahezi unazotaka kurushia, utapata urefu wote wa daipoli kwa mita. Kwa 7.1 ni mita 20.14, yaani mita 10.07 kila upande. Waya wa kawaida wa nyumba wa milimita 1.5 au 2.5 unafaa. Kata kila upande uzidi kwa sentimita 30, kisha ile ziada ikunje irudi juu ya waya na uifunge. Ukikata mapema huwezi kurefusha bila kiungo.

Vihami vya katikati na mwishoni nakata kutoka bomba la PVC au ubao wa plastiki wa kukatia nyama.

Hatua ya 4: Kebo

Tumia kebo ya koaksi (waya wa kati uliozungukwa na ganda la waya) ya ohm 50. Aina ya RG-58 yenye urefu wa mita 20 au 25 inatosha kwa bendi za mita 40 na 20; kwa bendi ya mita 2 nunua RG-213. Pale kebo inapokutana na daipoli, izungushe mara nane kwenye kopo la upana wa sentimita 12 hivi, ufunge pete hizo pamoja. Pete hizo huzuia mkondo kurudi juu ya ganda la kebo hadi mkononi mwako.

Adui mkubwa ni maji. Lehemu kwa risasi, zungushia tepu ya umeme, kisha mpira wa tubu ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu, kisha tepu tena. Silikoni inayonuka kama siki usiitumie, inakula shaba.

Hatua ya 5: Simamisha

Mlingoti mmoja wa mita 9 katikati, waya zikishuka pande mbili kama V iliyogeuzwa, ndio ninaoupendekeza kwa viwanja vyetu. Pembe ya juu isipungue digrii 90. Ncha zifungwe juu ya kimo cha mkono wa mtu mzima, mita 3 au zaidi, kwa sababu wakati wa kurusha ncha ndizo zenye volti nyingi na zitamwunguza mtoto atakayezishika. Waya wa V hutaka kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu.

Inueni watu watatu, mchana, bila upepo. Kamba ikifungwa kwenye mti, usiikaze: pitisha kwenye kapi na utundike kopo la mchanga, ili mti ukiyumba waya usikatike. Juu ya paa la mabati acha mita kadhaa. Chini ya mabati, ndani ya dari, antena haitafanya kazi.

Hatua ya 6: Pima

Tumia wati 5 na mita ya SWR, kipimo cha nguvu zinazorudishwa na antena; 1 ndiyo bora kabisa. SWR ya chini kabisa ikiangukia megahezi 6.9, waya ni mrefu, ikiangukia 7.3, ni mfupi. Kila kilohezi 100 ni kama sentimita 14 kwa kila upande. SWR ikifika 1.5 acha, nenda ukaongee na watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tororo: Mwalimu, ngurumo zikianza nikizima redio inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu. Mimi mwenyewe niliizima, nikaacha kebo imechomekwa, nikaenda kulala. Radi haikupiga hata antena yangu, ilipiga mti wa jirani, na asubuhi redio ilikuwa imekufa. Chomoa kebo na uitoe nje ya dirisha kabla mvua haijafika, chomoa na waya wa umeme. Usiguse kebo ngurumo zikishaanza; subiri nusu saa baada ya ya mwisho. Mlingoti wa chuma uungwe kwenye fimbo ya shaba iliyozama ardhini, kwa waya mnene usio na kona kali, na fimbo hiyo iunganishwe na eathi ya nyumba, la sivyo tofauti ya volti itapita ndani ya redio. Hata hivyo, eathi haimkingi mtu aliyekaa mbele ya mashine. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Wewe uko Tororo, mahali panaponguruma kuliko kwingi duniani. Chomoa.

Mwanachama wa Jinja: Mimi ni mpangaji, na mwenye nyumba hataki mlingoti.

Dada, una mparachichi? Tundika waya mmoja mwembamba wa mita 20, unaolishwa mwishoni kupitia transfoma ya 49 kwa 1, inayoulinganisha waya na kebo. Ukimaliza unaushusha. Ila kabla ya kurusha kamba juu ya mti, angalia kuna nini upande wa pili.

Mwanachama wa Gulu: Kebo ya televisheni ya ohm 75 je?

Inafaa kwa daipoli, na SWR haitaumia sana. Tatizo lake ni ganda la alumini, halishiki risasi. Tafuta viungo vya kubana.

Mwanachama wa Mbale: Nguzo ya mkaratusi itadumu?

Mchwa wataimaliza kuanzia chini. Zamisha bomba la chuma kwenye zege, nguzo uifunge juu yake isiguse udongo.

Mwanachama wa Mukono: Mzee, redio yangu inanguruma mchana tu, usiku inanyamaza.

Huenda hiyo ni chaja ya sola. Mchana, tenganisha paneli kwa dakika moja usikilize. Ukimya ukirudi, umempata. Sokota pamoja nyaya mbili za paneli, weka pete za feraiti (pete nyeusi za kuzuia kelele kwenye waya) karibu na chaja, na uisogeze antena mbali na paa lenye paneli. Kelele isipobadilika, tembea mtaani na redio ndogo ya AM hadi pale inaponguruma zaidi. Ikiwa ni kwa jirani, piga hodi na redio mkononi, asikie mwenyewe, kisha umpe pete mbili za feraiti na umsaidie kuzifunga.