Unga wa mlonge: namna ya kuanza biashara ya bidhaa za asili mtaani kwako

Mtu akiniambia anataka kuuza bidhaa za asili, namuuliza kwanza ataanza na ipi. Akinitajia sabuni ya mwarobaini, mafuta ya nyonyo, habati soda, asali na ubani kwa pumzi moja, najua mtaji wake utaishia kwenye vikopo kabla hajapata mteja wa kurudi. Chagua kimoja. Mimi hapa Tanga nauza unga wa majani ya mlonge, kwa hiyo nitaeleza huo.

Mlonge hauna makuu. Panda mbegu uani, ukifika kama mita moja kata kilele, utatoa matawi ya pembeni na majani utayachuma bila ngazi. Usipokuwa na uwanja, zungumza na majirani, maana wengi wameuacha tu kama uzio. Angalia tu mti usiwe kando ya mtaro wa maji machafu, wala shamba linalopigwa dawa ya wadudu.

Kazi yenyewe iko kwenye kukausha. Chuma asubuhi, chambua vijiti, tupa majani ya njano, osha kwa maji safi ya kunywa mara mbili, yaache kwenye chekeche yachuruzike maji. Kisha yatandaze kivulini, juu ya wavu au chekeche, tabaka jembamba, na chandarua juu kuzuia nzi. Usiyaanike juani. Jua kali hulifubaza jani na kuharibu vitamini A, ambayo ndiyo sifa kubwa ya mlonge. Yageuze kwa mikono safi mara kwa mara. Yamekauka pale ukifikicha jani linavunjika kwa mlio; likijikunja, bado. Unga uliofungwa na unyevu huvunda ndani ya pakiti, na pwani hii unyevu tunaupata bila kuuomba. Kwa hiyo wakati wa masika mimi sikaushi kitu. Naweka akiba kabla ya Machi, au mtu atafute kaushio la sola.

Saga kwa kinu au blenda yako mwenyewe. Ukipeleka mashine ya mtaani utarudi na mlonge wenye sembe. Chekecha, pakia kwenye kifungashio kisichopitisha mwanga, andika jina la bidhaa, uzito, tarehe ya kutengeneza, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya simu.

Sasa bei. Jani bichi limejaa maji, kwa hiyo kilo tano zilizochambuliwa zitakupa unga wa takriban kilo moja tu. Tuseme majani hayo umeyanunua shilingi 8,000, vifungashio kumi vya gramu 100 pamoja na lebo 4,000, bajaji 2,000, na kazi yako mwenyewe 6,000. Jumla 20,000. Kila pakiti imekula 2,000 kabla hujaona faida. Wengi huiruka ile 6,000, wakidhani mikono yao ni ya bure, halafu wanashangaa biashara haiwalipi. Dukani nauza 3,000, naye mwenye duka auze 4,000.

Jambo litakalokuweka au kukuondoa sokoni ni mdomo. Mteja atashika pakiti akuulize, "Dada, hii inatibu sukari?" Utatamani kusema ndiyo, maana pesa iko mkononi mwake. Mimi najibu: "Mama, hii ni mboga iliyokaushwa. Weka kijiko kwenye uji au mchuzi. Dawa za hospitali usiziache, na kama unameza za sukari au presha, muulize daktari kwanza." Mjamzito namwambia hivyo hivyo, na mizizi na magome ya mlonge siuzi kabisa. Ukiandika "inatibu" kwenye lebo, umehama kwenye chakula umeingia kwenye dawa, na hapo kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Kama nia yako kweli ni dawa, anza kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako.

Kwa upande wa chakula, karatasi si nyingi kama watu wanavyotishana. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure na mamlaka ya mapato, TRA. Jina la biashara husajiliwa kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ujifunze usindikaji na ufungashaji, na uombe barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya alama ya ubora. Ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ifuate mkiwa kikundi na bidhaa imeshaanza kutoka.

Wateja wa mwanzo wako kwenye kikoba chako, saluni unakosukwa, na kwa mama muuza uji wa asubuhi. Huyo mpe pakiti ya kuonjesha watu, inarudi kwa wingi. Maduka yatataka mali kauli, yaani wauze kwanza wakulipe baadaye. Kubali kwa pakiti tano tu, andikishianeni kwenye daftari, pitia kila Jumamosi, na usiongeze mzigo mpya kabla ule wa zamani haujalipwa, hata kama mwenye duka ni shemeji yako.