SOMO: HSF1 haiongezeki kwa joto, hubadilika hali

Swali ni lile lile kila mara kwenye kundi letu la Malindi na Lamu: “Nimepasha seli moto, mbona HSF1 haijaongezeka?” HSF1 ni protini inayowasha jeni za kuikinga seli na joto, na haitakiwi kuongezeka. Imo tayari ndani ya seli, moja moja, imeshikwa na protini walezi (zinazosaidia protini nyingine zijikunje sawasawa) kama HSP70 na HSP90. Joto likivuruga mikunjo ya protini nyingine, walezi huzikimbilia hizo na HSF1 huachiwa. Huungana tatu tatu, hukusanyika kwenye kiini, hutiwa fosfati na kushika DNA penye herufi nGAAn (n ni herufi yoyote) zinazojirudia kwa kupishana mwelekeo. Hapo jeni HSPA1A, inayotengeneza HSP70, hunukuliwa kwa kasi. Pima hali, si wingi.

1. Otesha HeLa (seli za binadamu za maabara) kwenye chupa mbili mpaka zifunike 70–80% ya sakafu. Moja itabaki 37°C.

2. Kaza vifuniko visivyopitisha hewa, uzungushie mkanda. Kaboni dayoksaidi ikitoroka, kimiminika hugeuka zambarau na seli zinapata msukosuko mwingine usioutaka.

3. Zamisha chupa kwenye beseni la maji la 42°C, saa moja. Hapa ndipo wengi huharibu. Usitumie inkubeta: hewa hupasha polepole mno, hujui seli zilifika 42°C dakika ya ngapi. Usiamini namba ya mtambo pia. Weka chupa ya tatu isiyo na seli, ujazo ule ule, utie kipimajoto ndani, uanze kuhesabu humo kukifika 42. Maji yapite usawa wa kimiminika. Ukipitisha 45°C seli nyingi zitakufa, na utakachopima ni kifo.

4. Papo hapo weka kwenye barafu, pasua seli kwa bafa yenye floridi ya sodiamu na othovanadati ya sodiamu 1 mM. Bila hizo fosfati huondolewa na alama yako inapotea.

5. Pitisha protini mikrogramu 20–30 kwenye jeli ya 8%, kisha itafute HSF1 kwa kingamwili yake. HSF1 iliyoamka hukaa juu zaidi kuliko ya 37°C.

MASWALI

Kijana wa Shela: Maalim, joto kiasi gani?
Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Shela: HSP70 yangu inaonekana hata 37°C. Somo lina kasoro.
Jibu: Huenda kingamwili yako inashika na HSC70, ndugu ya HSP70 ambayo ipo siku zote. Tafuta inayotambua HSPA1A pekee. Tena protini yake isubiri saa 4–6 baada ya kurudi 37°C. RNA ndiyo ya mapema.

Binti Langoni: Shukran maalim. Mbona HSF1 huzimika hata joto likiendelea?
Jibu: Swali zuri sana, mwanangu. HSP70 mpya zikijaa hurudi kuishika HSF1. Pia laisini ya 80 (asidi amino ya 80 katika HSF1), sehemu inayogusa DNA, hutiwa asetili na mshiko hulegea. Jaribu kupima dakika 15, 30, 60 na 120, utaona mwenyewe.

Mzee wa Watamu: Na mikoko yetu?
Jibu: Mimea ina HSF nyingi, mzee wangu, Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, pekee ina 21. Kingamwili ya binadamu usiitegemee huko, pima RNA. Majani ya mkoko yana tanini tele, tia PVP (polima inayonasa tanini) kwenye bafa la sivyo RNA itatoka ya kahawia.