Jinsi ya Kugeuza Miisho ya Kivumishi cha Kilatini: esculentus

Muhogo, nduma na bamia zinazouzwa katika Soko la Kibuye, Kisumu, zina kivumishi kimoja katika majina yake ya kisayansi: Manihot esculenta, Colocasia esculenta na Abelmoschus esculentus. Kivumishi hicho kinamfaa sana anayeanza kujifunza Kilatini, kwa kuwa maana yake ni nyepesi na miisho yake ni ya kawaida.

Asili yake ni esca, yaani chakula, nomino inayotokana na kitenzi edere, kula. Kiambishi -lentus huonyesha wingi wa kitu, kama katika opulentus, mwenye mali nyingi. Hivyo esculentus ni kile kinachofaa kuliwa.

Kabla ya kuandika mwisho wowote, tafuta kwanza jinsia ya nomino katika kamusi, wala usiikisie kwa sura yake. Kivumishi hufuata nomino kwa jinsia, idadi na uhusika, yaani kazi ya neno katika sentensi: esculentus kwa kiume, esculenta kwa kike, esculentum kwa jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni samaki ngege wa asili wa Ziwa Victoria, ambaye kwa masikitiko ameadimika mno. Mwaka wa 1928 mtaalamu wa samaki Michael Graham alimwita Tilapia esculenta, na wataalamu walipomhamishia baadaye katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Oreochromis, ambayo ni ya kiume, ilibidi aandikwe Oreochromis esculentus. Nduma nayo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiita Arum esculentum mwaka wa 1753, kabla haijawa Colocasia.

Sasa geuza umoja wa kiume: esculentus kwa kiima (mtenda), esculenti kwa umilikaji (mwenye kitu), esculento kwa kitondo (anayetendewa), esculentum kwa kipozi (kinachotendwa), na esculento tena kwa ala au mahali. Umoja wa kike, kwa mpangilio huohuo, ni esculenta, esculentae, esculentae, esculentam, esculentā (yenye a ndefu). Jinsia ya tatu hufuata ya kiume, isipokuwa kiima chake hufanana na kipozi. Katika wingi, viima ni esculenti, esculentae na esculenta. Umilikaji huishia -orum, au -arum kwa kike. Vipozi ni esculentos, esculentas na esculenta. Kwingineko kote ni esculentis.

Usitarajie miisho ya nomino na kivumishi ifanane kwa sauti, kwa maana kila neno hufuata kundi lake la miisho. Jizoeze kwa radix, mzizi, ambayo ni ya kike: radix esculenta, radicis esculentae, radicem esculentam, radicum esculentarum.