Saponaria, ua la kufulia: kuitambua na kuipanda

Hapa Ohio, Marekani, ukipita kando ya reli mwezi wa Julai utakuta vichaka vya maua meupe na ya waridi mpauko ambavyo hakuna aliyevipanda. Ni saponaria (Saponaria officinalis), ambayo kikundini kwetu tunaisifu kwa harufu yake. Wahamiaji wa Ulaya walikuja nayo kwa ajili ya kufulia, ikatoroka bustanini na hadi leo haijarudi.

Hatua ya 1: Itambue kwanza

Shika shina. Ni laini, halina manyoya, na kila yanapochomoza majani pana fundo lililovimba kama la muwa. Kimo chake ni kati ya sm 30 na 90. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Inua moja uliangalie juani: mishipa mitatu mikubwa imekwenda sambamba toka chini hadi karibu na ncha.

Sasa ua. Petali ni tano, juu ya kikombe kirefu cha kijani. Vuta petali moja taratibu. Ikitoka peke yake, uko sawa. Floksi, ambayo huwachanganya wengi, petali zake zimeungana chini zikawa mrija, kwa hiyo ukivuta moja linakuja ua zima.

Mwisho, sugua majani machache kwa viganja vilivyolowa. Povu litatoka, jepesi, la kijani kijani, si la omo. Lakini usiamini povu peke yake. Mimea mingi ina saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni.

Hatua ya 2: Mbegu

Mbegu zinataka baridi. Zimwage nje kabla ya majira ya baridi, au zichanganye na mchanga wenye unyevu uziweke kwenye friji wiki 3 hadi 4, kisha uzipande juu juu. Mwenye jirani anayo, aombe kipande cha mzizi. Ndiyo njia yangu.

Hatua ya 3: Mahali

Jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Mbolea achana nayo. Mwaka wa kwanza niliipa samadi kama mchicha. Ikarefuka, ikaja mvua moja, ikalala yote.

Hatua ya 4: Ifunge

Msiruke hapa. Mizizi yake hutambaa chini kama ukoka. Mimi nimeipanda ndani ya ndoo kubwa iliyotobolewa chini, nikaifukia na kuacha ukingo nje. Maua yakinyauka, kata kabla mbegu hazijakomaa. Mara nyingi itachanua tena.

Maswali ya wanakikundi

*Naomba kujua, kweli inafua?*
Inafua sufu na hariri, nguo zisizotaka sabuni kali. Katakata konzi kubwa ya majani na mashina, chemsha kwenye maji ya mvua kama dakika 20, chuja, acha ipoe. Tumia siku hiyo hiyo au kesho yake, haikai. Jeans za fundi gereji usihangaike nazo. Na angalia macho, inawasha.

*Nina kibwawa cha samaki, nipande pembeni?*
Hapana, dada. Saponini ni sumu kwa samaki. Hata maji uliyofulia usimwage huko.

*Langu lina petali nyingi kama waridi. Ni lenyewe?*
Huenda ni aina ya bustani yenye petali nyingi. Angalia fundo na mishipa mitatu ya jani kabla ya kuamua.

*Niko Limuru, naweza kuagiza mbegu?*
Anza na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea. Mbegu haziingii Kenya kiholela. Halafu fikiria tena hatua ya 4. Mmea ulioshinda watu huku kwenye barafu ya kuupunguza kasi, mimi nisingeuleta Limuru.

*Mbona mnasifu harufu? Langu halinukii chochote.*
Unalinusa saa ngapi?

*Mchana, nikimwagilia.*
Basi nenda baada ya magharibi. Harufu yake ni ya kuwaita nondo, na nondo wengi hawatoki mchana.